Usimuulize Mama Kama Amekunywa Dawa

Ukimpigia mama simu kutoka Leicester au Minneapolis ukamuuliza, "Mama, umekunywa dawa?", jibu unalijua: "Nimekunywa mwanangu, alhamdulillahi." Nililiamini jibu hilo miaka miwili, mpaka nilipokwenda Tanga likizo. Kabatini nikakuta vidonge vyake vya presha vya miezi minne, havijaguswa. Hakuwa na nia mbaya. Hakutaka tu nihangaike ugenini.

Siku hizi nauliza, "Vimebaki vingapi?" Kama alianza tarehe 1 na vidonge 30, kimoja kwa siku, asubuhi ya tarehe 21 kabla ya kumeza viwe 10. Vikiwa 19, usigombe. Uliza kilichomsumbua, kisha nyamaza usikilize.

Mara nyingi kisa ni neno "dozi". Sisi tumelelewa na mseto wa malaria: mtu mzima vidonge 24, siku tatu, dozi imekwisha, umepona. Mzee aliyezoea hivyo akipewa vidonge vya presha vya mwezi, anavimaliza na kushukuru Mungu. Presha nayo haiumi, kwa hiyo hakuna kinachomkumbusha. Mwambie waziwazi kwamba dawa hii haina kumaliza dozi. Ikiisha, inanunuliwa nyingine, na kipimo kikisoma vizuri ni kwa sababu dawa inafanya kazi.

Kisa kingine ni madhara ambayo mzee anaona haya kumtajia daktari. Amlodipine, dawa ya presha, huweza kuvimbisha miguu. Enalapril, nayo ya presha, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichosikia tangawizi wala asali. Metformin, dawa ya sukari, huvuruga tumbo, hasa ikimezwa bila chakula. Dawa za kukojosha ndizo alizokuwa akiziruka mama yangu kila siku ya msiba au safari ya basi, na nani angemlaumu? Yote haya yana dawa mbadala au saa nyingine ya kumeza, ila daktari aambiwe. Muulize pia kama vidonge viwili vinaweza kuwa kimoja. Vipo vya presha vilivyounganishwa hivyo.

Kuhusu saa, usimtumie ujumbe wa "8:00" ukadhani mmeelewana. Kwake hiyo ni saa mbili, na akisoma nane atameza mchana. Achana na saa kabisa, funga dawa kwenye jambo asilolikosa: chai ya asubuhi, swala, taarifa ya habari ya usiku. Akisahau kidonge kimoja, asimeze viwili kesho yake kufidia. Mwenye sukari anayetumia glibenclamide au insulini asimeze wala kuchoma kisha akakaa na njaa, maana sukari ikishuka ghafla inaweza kumuangusha. Kwa sababu hiyohiyo, anayetaka kufunga Ramadhani amuone daktari kabla mwezi haujaandama, wapange dozi za futari na daku. Asijipangie mwenyewe.

Pesa ya dawa usiichanganye na ya matumizi. Ukituma kwa pamoja, ada ya mjukuu itatangulia, na mama hatakwambia. Mimi nalipa duka la dawa moja kwa moja kwa lipa namba, wananipigia picha risiti.

Na ule mzigo wa dawa tunaobeba kwenye begi? Niliwahi kumpelekea mama Norvasc kwa mapenzi yote, kumbe ni amlodipine ileile aliyokuwa nayo, jina la kiwanda tu ndilo tofauti. Akameza zote mbili kwa wiki nzima, miguu ikavimba mpaka viatu vikamkataa. Soma jina dogo lililoandikwa chini ya lile kubwa kabla hujanunua.

Ukifika likizo, siku ya kwanza kaeni wawili mfungue kabati. Tia kila kitu kwenye mfuko mmoja: vidonge vipya, vilivyoisha muda, vya jirani aliyemuazima, na ule unga wa mlonge anaoufikicha kwenye uji bila kumwambia mtu. Nendeni na mfuko huo kliniki, mumwage vyote mezani kwa daktari.