Afisa rasilimali watu na maganda ya korosho: pa kuanzia

Kila Juni 5, Siku ya Mazingira, viwandani kwetu Mtwara huwa ni fulana, miche na picha. Sina ugomvi na miche. Ila ukiwa afisa rasilimali watu kwenye kiwanda cha kubangua korosho, uchafuzi mwingi unauzuia kwa mikataba na daftari la malipo.

Anza na malipo. Mbanguaji analipwa kwa kilo ya korosho aliyobangua. Akiacha meza kupeleka maganda stoo, hela yake inapungua. Basi atayamwaga nyuma ya banda, na mvua za Desemba zikianza, maji meusi yenye mafuta ya ganda yanashuka mtaroni. Ni mafuta yale yale yanayobabua vidole. Na maganda si machache: kilo 100 za korosho ghafi hutoa korosho safi kama kilo 20 hadi 25 tu. Bango la "Tunza Mazingira" halitayahamisha. Ajiri mbebaji wa maganda, alipwe kwa siku, kazi hiyo iandikwe kwenye mkataba wake. Maganda makavu yaliyo chini ya paa yanawasha boila. Yaliyolowa yanatoa moshi tu, na majirani watakuja kukuuliza.

Vibarua wa msimu huingia kwa mkumbo, kwa hiyo mafunzo elekezi yafanyie mezani, bila projekta. Mwombe mama mzoefu aonyeshe glavu iliyotoboka inatupwa pipa gani na mikono inanawiwa wapi. Kimakonde kikihitajika, na kitumike. Huyo mama umlipe muda wake, maana naye anakosa kilo zake.

Glavu zenyewe usiagize kabla ya kuwauliza wanaozivaa. Nene sana zinawachelewesha, watazivua wapake majivu mikononi kujikinga na mafuta hayo, nawe utabaki na magunia ya glavu za kutupa.

Msimamizi wa zamu ukimpima kwa tani peke yake, atakuletea tani. Kwenye fomu yake ya tathmini ongeza mambo mawili, si kumi: korosho zilizovunjika na hali ya mtaro Ijumaa jioni. Bonasi yake ifuate hapo.

Sheria zipo, ya usalama kazini ya 2003 na ya mazingira ya 2004. Weka faili la OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, na la NEMC, baraza la mazingira, na kwenye kamati ya usalama waingize wabanguaji wenyewe. Yote haya yakamilike Septemba. Oktoba minada ya korosho ghafi ikifunguliwa, hutapata mtu wa kukusikiliza.