Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubadili Shokapu za Mbele na Magurudumu ya Pikipiki ya Zamani

Pikipiki nyingi zilizoundwa miaka ya 1970 zina shokapu nyembamba za mbele, gurudumu la mbele la inchi 18 au 19, na breki ya ngoma au diski moja tu. Honda CB750 iliyoanza kuuzwa mwaka 1969, kwa mfano, ilikuja na gurudumu la inchi 19 na diski moja mbele, na wakati huo hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Mwenye pikipiki ya namna hiyo akikutana na shokapu nene za pikipiki ya kisasa zinazouzwa pamoja na gurudumu la inchi 17 na kalipa zake mbili (vifaa vinavyobana diski ya breki), hushawishika kwa urahisi kwamba kazi iliyobaki ni ya kufungua na kufunga. Kazi hiyo inawezekana, na wapo wengi walioifanya vizuri, lakini sehemu yake kubwa hufanyika mezani kwa rula, kipimo cha vernia na daftari, kabla spana haijaguswa na kabla fedha haijatoka mfukoni.

Pikipiki ipimwe ikiwa bado nzima, imesimama wima kwenye magurudumu yake, na matairi yakiwa na upepo unaotakiwa. Andika umbali kutoka kati ya ekseli ya mbele hadi juu ya kibano cha juu cha shokapu (vibano ni sahani mbili, ya juu na ya chini, zinazoishika miguu ya shokapu), umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kimo cha ekseli kutoka ardhini, na mlalo wa shina la usukani, yaani mhimili unaopita ndani ya kichwa cha fremu na kuunganisha vibano hivyo. Piga picha za njia ya kila kebo, waya na bomba la breki. Mambo haya huonekana ya kipuuzi siku ya kwanza, lakini pikipiki ikishakuwa vipande vipande sakafuni hakuna njia ya kuvipata tena vipimo hivyo.

Vinahitajika kwa sababu tabia ya usukani haitokani na ubora wa shokapu peke yake. Ukichora mstari unaopita katikati ya shina la usukani hadi ardhini, utagusa ardhi mbele kidogo ya mahali tairi linapokanyaga. Umbali huo, ambao hapa nitauita mfuato, ndio unaolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe, kama kigurudumu cha kitanda cha hospitali kinavyofuata nyuma ya mhimili wake. Kwa pikipiki nyingi za barabarani mfuato huwa kati ya milimita 90 na 110 hivi. Ukipungua sana, usukani huwa mwepesi wa kutisha na huanza kutikisika kwa mwendo wa kasi. Ukizidi, pikipiki huwa nzito kukata kona.

Sasa tazama kinachotokea gurudumu linapobadilishwa. Tairi la 100/90-19 (upana wa milimita 100, kimo cha ubavu asilimia 90 ya upana huo, rimu ya inchi 19) lina nusu kipenyo cha karibu milimita 331, na la 120/70-17 karibu milimita 300. Kwenye shina lililolala nyuzi 27, tofauti hiyo ya milimita 31 peke yake hupunguza mfuato kwa takriban milimita 16. Zaidi ya hapo, mbele ya pikipiki imeshuka, na ikiwa umbali kati ya ekseli mbili ni milimita 1,400, shina limesimama zaidi kwa nyuzi 1 na robo hivi, jambo linalokula milimita nyingine saba au nane. Pikipiki iliyokuwa na mfuato wa milimita 105 imebaki na 80 na kitu, na bado hatujahesabu kwamba shokapu za kisasa mara nyingi ni fupi kuliko zile zilizotolewa.

Nafuu hupatikana kwenye vibano. Kadiri miguu ya shokapu inavyokaa mbele ya shina, ndivyo mfuato unavyopungua. Kwa hiyo vibano vinavyoisogeza miguu karibu na shina hurudisha sehemu ya kilichopotea. Ndiyo maana ni busara kununua shokapu, vibano, ekseli, gurudumu na kalipa vikiwa seti moja kutoka pikipiki moja, badala ya kuokoteza kimoja kimoja. Pengine jibu lililo bora ni kubaki na gurudumu la inchi 18 au 19 na kubadilisha shokapu tu. Si la kuvutia sana kwenye picha, lakini mimi ningelipa nafasi kwanza.

Baada ya hesabu hiyo linakuja shina lenyewe. Shina la vibano vipya huenda likawa refu, fupi au nene kuliko linavyoruhusu kichwa cha fremu yako, na hapo zipo njia mbili: kutafuta beringi ambazo tundu lake la ndani linalingana na shina jipya na ukingo wake wa nje unalingana na fremu, au kulitoa shina la zamani kwa presi na kulipachika kwenye kibano kipya. Njia ya pili ni kazi ya karakana yenye mashine ya kukereza, na si ya nyundo. Kabla ya kuridhika, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili uone kama vizuizi vya kibano cha chini vinakutana na vya fremu, kwani visipokutana, mguu wa shokapu utagonga tangi.

Shokapu zilizotumika zikaguliwe kabla ya kununuliwa. Bomba livingirishwe juu ya kioo bapa, na mwanga ukionekana chini yake huku ukicheza kadiri linavyozunguka, limepinda. Vishimo vya kutu kwenye kromu, mahali sili inapopita, vitaikata sili mpya mara moja. Springi nazo zilichaguliwa kwa uzito wa pikipiki iliyotoka, kwa hiyo uzito wa pikipiki yako pamoja na wewe mwenyewe ndio uamue kama zitabaki. Ukikaa juu yake, shokapu za barabarani hutakiwa kuzama karibu milimita 30 hadi 40.

Kwenye gurudumu, kosa ninaloliogopa kuliko mengine limo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, mahali pasipoonekana. Niliwahi kufunga gurudumu la pikipiki nyingine kwenye shokapu ngeni. Likiwa mezani lilizunguka kwa kidole kimoja, lakini nati ya ekseli ilipokazwa likawa zito kama limeshikwa na breki, na nilipoilegeza nusu mzunguko likawa huru tena. Nilihangaika na kalipa karibu saa nzima kabla ya kuitoa bushi ndefu inayokaa kati ya beringi mbili na kuipima: mtu aliyenitangulia alikuwa ameikata, ikapungua milimita 1. Bushi hiyo ndiyo inayopokea nguvu ya ekseli. Ikiwa fupi, nyuso za ndani za beringi huvutwa kuelekeana, gololi hubanwa kwa pembeni, na beringi huungua ndani ya safari chache. Kwa hiyo bushi ya ndani ipimwe kabla ya beringi kununuliwa, na bushi za pembeni zikerezwe kwa kipimo kitakachoweka gurudumu katikati ya miguu na diski katikati ya kalipa.

Breki zina hesabu yake. Masta silinda, ile pampu ya breki iliyo kwenye usukani, ikiwa imetengenezwa kwa kalipa moja haiwezi kusukuma oili ya kutosha kwa kalipa mbili kubwa, na mkono wa breki utafika kwenye usukani kabla ya pikipiki kusimama. Ikibadilishwa kwa kubwa kupita kiasi, mkono utakuwa mgumu kama jiwe, kwani pistoni ya milimita 16 ina eneo linaloizidi ile ya milimita 14 kwa karibu asilimia 31. Lililo rahisi ni kutumia masta silinda iliyokuja na kalipa hizo. Bolti za mabomba ya breki nazo hudanganya: za pikipiki nyingi za Kijapani ni milimita 10 zenye hatua ya uzi ya 1.25, ilhali za Brembo, kampuni ya breki ya Italia, huwa na hatua ya 1.0, na bolti isiyo yake huingia mizunguko miwili mitatu kabla ya kuharibu uzi wa alumini. Washa za shaba ziwe mpya, na oili ya breki ya daraja la DOT 5, ambayo ni ya silikoni, isichanganywe na DOT 3, 4 wala 5.1.

Rimu ya spoku ambayo spoku zake zimetoboa hadi ndani ya rimu huhitaji tyubu hata kama tairi limeandikwa kuwa halihitaji. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, na tairi zee halifai hata kama kashata zake bado ni ndefu. Gurudumu la nyuma likibadilishwa, meno ya mbele na ya nyuma ya mnyororo lazima yabaki kwenye mstari mmoja, na mkono unaozuia breki ya nyuma isizunguke upate mahali imara pa kufungwa.

Yapo madogo yanayosahaulika. Spidomita inayoendeshwa na gurudumu la mbele, likitoka inchi 19 kwenda 17 kwa matairi niliyoyataja, itazidisha mwendo kwa takriban asilimia 10. Stendi ya pembeni itakuwa ndefu kuliko kimo kipya, na pikipiki itasimama wima mno hadi upepo uiangushe. Sheria za usajili, ukaguzi na bima hutofautiana, kwa hiyo ziulizwe kabla ya kazi kuanza.

Siku ya kufunga, pikipiki ininginizwe au ishikiliwe kwenye fremu kwa namna ambayo haitaanguka mbele ikiwa haina gurudumu. Funga shokapu kwanza bila springi, kisha izamishe hadi mwisho, ukitazama kama tairi linagusa madigadi, radieta, bomba la moshi au kibano cha chini. Ekseli ikishakazwa, bonyeza mbele ya pikipiki mara kadhaa ili miguu ijipange, ndipo ukaze bolti za kubana ekseli kwa spana ya kupimia nguvu. Pampu breki hadi mkono uwe mgumu kabla pikipiki haijasogezwa hata hatua moja. Baada ya kilomita mia chache, beringi mpya za usukani zikiwa zimekwisha kukaa, inua gurudumu la mbele, shika miguu ya shokapu kwa chini, ivute na kuisukuma, na ukisikia mgongano wowote kichwani mwa fremu, kaza nati ya shina upya.