Kabla hujaomba kubadilishiwa saa za kazi kwa ajili ya mtoto wa shule

Shule zinapokaribia kufunguliwa Januari, karibu kila ofisi hapa Dar es Salaam ina mzazi anayepitapita mlangoni kwa bosi akitafuta pa kuanzia. Mtoto anaingia darasa la kwanza, au amebadilishiwa zamu, au dada wa nyumbani amerudi kwao, na saa za kazi hazilingani tena na saa za shule. Kuomba si aibu. Tatizo ni kwamba wengi hulipeleka ombi likiwa bichi, na ombi likishakataliwa mara moja, kulirudisha mezani ni kazi kubwa. Kwa hiyo kaa chini kwanza, uyapitie haya.

Jua saa unazozitaka. Usiende kuomba "unafuu". Sema: naomba kuingia saa 1:00 asubuhi na kutoka saa 10:00 jioni badala ya saa 2:00 na saa 11:00, Jumatatu hadi Ijumaa. Na kabla ya kutaja saa hizo, nenda shuleni ukaulize, usitegemee maneno ya mtoto. Shule za serikali zenye wanafunzi wengi husomesha kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana, na zamu hizo huweza kubadilishwa. Uliza pia kuhusu masomo ya ziada kama mtoto yuko darasa la nne au la saba, maana miezi ya kuelekea mitihani ratiba hugeuka kabisa. Halafu pima safari. Kutoka kazini saa 10:00 si kufika Mbagala saa 10:00. Ipime siku ya kazi, na ikiwezekana siku ya mvua.

Soma mkataba wako. Wengi wetu tuliusaini tukaufungia kabatini.

Jua sheria inasemaje, na iwe sheria ya hapa. Barua nyingi za mfano zinazozunguka kwenye simu zimetoka Uingereza, ambako tangu Aprili 2024 mfanyakazi ana haki ya kisheria ya kuomba saa tofauti kuanzia siku yake ya kwanza kazini. Ukiinakili barua hiyo ukampelekea meneja wako wa Barabara ya Nyerere, umemtajia haki isiyokuwepo na umempa sababu rahisi ya kukukatalia. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi mzazi wa mtoto wa shule haki ya kudai saa zake mwenyewe. Ila ina mambo yanayokufaa. Imeweka mipaka ya saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku kwa muda wa kawaida. Inaruhusu mwajiri na mfanyakazi, kwa makubaliano ya maandishi, kubana wiki ya kazi: unafanya kazi hadi saa 12 kwa siku, mapumziko ya chakula yakiwa humo humo, bila malipo ya ziada, na wiki haizidi siku tano. Inakataza pia ubaguzi kazini kwa sababu ya majukumu ya familia. Kwa hiyo unakwenda kupatana, si kudai, lakini huendi mikono mitupu. Mtumishi wa umma ana taratibu zake. Aanzie kwa afisa utumishi.

Usitoe saa yako ya chakula kama fidia bila kuuliza. Nimesikia wengi wakisema, "Mimi sitakula mchana, nitatoka saa moja mapema." Sheria inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 baada ya kufanya kazi saa tano mfululizo, na mwajiri makini hatakubali kukuona unafanya kazi kutwa bila kupumzika. Tena mchana usiokula utakuchosha kabla mwezi haujaisha. Fidia kwa kuingia mapema.

Andaa jibu la "nani atashika kazi yako". Usisubiri bosi akuulize. Andika kazi zako za siku nzima, uone zipi lazima zifanyike baada ya wewe kuondoka, na uzungumze na mwenzako atakayezipokea kabla jina lake halijaingia kwenye barua. Kama wewe ni keshia au unakaa mapokezi, ombi lako litahitaji mtu wa kukupokea kwenye kiti. Na utaje mwenyewe siku ambazo hutaondoka mapema, kama za kufunga hesabu za mwezi.

Sasa hili la maandishi. Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu nimemwona mtu akiumia nalo.

Dada mmoja tuliyefanya naye kazi alikuwa na mtoto wa darasa la pili. Basi la shule lilimshusha mtoto saa 9:30 alasiri, jirani akamshika kwa muda, lakini jirani naye alikuwa na genge lake la kufungua jioni. Dada akaenda kwa bosi, mtu mwema kweli, akamweleza. Bosi akamwambia aingie saa 12:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri badala ya saa 2:00 na saa 11:00. Saa ni zile zile, kazi ni ile ile. Wakakubaliana kwa mdomo, na mambo yakaenda vizuri muda mrefu. Kila asubuhi tulimkuta ameshamaliza nusu ya kazi.

Kitu ambacho yeye hakukijua ni jinsi mashine ya mahudhurio ilivyopangwa. Tulikuwa tunaweka kidole asubuhi na jioni. Mashine ilianza kuhesabu saa 2:00, na dakika zote za kabla ya hapo haikuzijali. Ukitoka kabla ya saa 11:00 iliandika umetoka mapema. Kwa hiyo saa moja na nusu aliyoingia alfajiri haikuonekana popote, na saa moja na nusu aliyotoka mapema iliandikwa kila siku ya kazi. Mwisho wa mwezi ripoti ilipokuja, bosi aliipitia, akasaini, ikaisha.

Bosi akahamishiwa Mwanza. Aliyekuja akafungua ripoti za nyuma, akaona jina moja limejaa toka juu hadi chini. Wala sidhani alikuwa na nia mbaya, alisoma alichokikuta. Dada akapewa barua ya kujieleza. Akajieleza kwamba aliruhusiwa. Akaambiwa alete ruhusa. Akampigia bosi wa zamani, ambaye kwenye simu alikiri yote, lakini kuandika akasita, kwa sababu na yeye hakuwa amewaambia wakubwa wake. Barua ya onyo ikaingia kwenye faili la mtu aliyekuwa anafika kazini kabla ya mlinzi wa mchana. Jumatatu iliyofuata akarudishwa kwenye saa za zamani. Alihangaika wiki chache, mtoto akawa anasubiri kwenye kibanda cha mlinzi wa shule, mwisho akampeleka kwa bibi yake Morogoro katikati ya muhula. Mtoto wa darasa la pili.

Kwa hiyo, hata bosi akikubali kwa tabasamu, siku hiyo hiyo mwandikie. Ujumbe mfupi unatosha kuanzia: "Nashukuru kwa kunikubalia, kama tulivyozungumza leo, kuingia saa kadhaa na kutoka saa kadhaa kuanzia tarehe fulani." Nakala iende idara ya rasilimali watu. Kisha omba barua yenyewe, kwa sababu sheria inamtaka mwajiri, maelezo ya ajira yanapobadilika, ayarekebishe kwa kushauriana nawe na akujulishe kwa maandishi. Halafu nenda kwa anayesimamia mashine ya mahudhurio, umwombe aingize saa zako mpya, na mwisho wa mwezi wa kwanza uombe kuiona ripoti yako mwenyewe. Nakala moja ya kila kitu ikae nyumbani, si kwenye kompyuta ya ofisi. Mambo yakifika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa ndani ya siku 30 na migogoro mingine ndani ya siku 60. Siku hizo si za kuanza kutafuta nani anakumbuka alichosema nani.

Uliza kuhusu mshahara. Kuhamisha saa ni jambo moja, kupunguza saa ni jingine. Saa zikipungua mshahara unaweza kupungua, na michango ya NSSF, ambayo ni asilimia 20 ya mshahara, itapungua nao. Kama una mkopo unaokatwa kwenye mshahara, piga hesabu kabla ya kusaini.

Omba kwa majaribio. Hadi likizo ya Juni panatosha, kisha mkae tena.

Usichanganye ombi hili na siku za mtoto kuumwa. Hizo zina ruhusa yake: angalau siku nne zenye malipo katika mzunguko wa miezi 36. Ni chache, usizitumie kwa vikao vya wazazi.

Ukishakubaliwa, saa hizo ziwe za mtoto kweli. Ukionekana Kariakoo saa 10:00 siku ya kazi, atakayeomba baada yako ndiye atakayejibiwa vibaya. Uwe na mtu wa pili wa kumchukua mtoto siku kazi itakapokubana, na jina lake mwalimu wa darasa awe nalo. Usibadilishe bodaboda bila kuiambia shule. Ukibadilisha laini ya simu, shule na ofisi wapewe namba mpya siku hiyo hiyo. Na kila Desemba, ratiba mpya ikitoka, ilinganishe na barua yako, usingoje Januari.