Kabla ya kushuka Bali: maneno ya kujifunza mapema

Wengi wanaojiandaa kwenda Bali, kisiwa cha Indonesia, huanza kuandika daftarini "bei gani", "choo kiko wapi" na "punguza kidogo". Hayo yote yatakutoka kwa Kiindonesia, lugha ya taifa na ya shule, ambayo karibu kila mtu kisiwani anaijua. Lugha ya Bali yenyewe ina kazi nyingine. Husemwa nyumbani, hekaluni na kwenye vikao vya mtaa, na anayeisema huonyesha kwa kila neno kwamba anajua yuko mbele ya nani na amesimama mahali gani. Kwa hiyo nakushauri uanze na maneno ya heshima, ya mahali na ya siku. Ya sokoni yatakuja yenyewe.

Kwanza, usizichanganye lugha hizo mbili. Kwenye Kiindonesia Mswahili ana mtaji tayari: habari ni kabar, sabuni ni sabun, wakati ni waktu, karatasi ni kertas, meza ni meja, na bendera ni bendera hivyo hivyo. Wafanyabiashara Waarabu na Wareno walipita pwani zote mbili na kuacha maneno yao. (Yapo pia ya kukupoteza: kuku kwao ni ukucha, na dada ni kifua.) Lugha ya Bali ni ya ukoo mmoja mpana na Kiindonesia, lakini imebeba mzigo mkubwa wa Kisanskriti na Kijava cha kale, na ina hati yake ya kuandikia. Tangu kanuni za gavana za mwaka 2018, hati hiyo huandikwa juu ya herufi za Kilatini kwenye vibao vya ofisi na sehemu za umma, na Alhamisi imetengwa kuwa siku ya kusema lugha ya Bali na kuvaa vazi la jadi maofisini na shuleni. Ukiwa na shughuli ya ofisi, Alhamisi utawakuta watumishi wamejifunga kamen, kitambaa cha jadi, viunoni, na salamu ya Kibali siku hiyo hupokelewa kwa furaha ya pekee.

Matamshi yasikutishe. Herufi c husomwa kama ch yetu, na ny ni ile ile ya nyumba. Ng yao ni ng' ya ng'ombe hata mwanzoni mwa neno, kwa hiyo ngaben (ibada ya kuchoma maiti) ni ng'aben na ngayah (kazi ya kujitolea hekaluni) ni ng'ayah, jambo linalowasumbua sana wageni kutoka Ulaya na kwetu si kitu. Wakiandika ngg, kama katika nggih, ndiyo ng ya ngoma. Kigumu ni a ya mwisho wa neno: mara nyingi hufifia, ikawa sauti ya mdomo nusu wazi kati ya a na e. Suksma, yaani asante, ukiisema kwa a iliyo wazi kabisa utaeleweka, ila wataona unaisoma.

Sasa jambo lenyewe. Lugha ya Bali ina ngazi, na kuzipanga kwake kunaitwa sor-singgih, chini na juu. Chukua kitendo cha kula. Mnyama hungamah, na neno hilo kwa mtu ni tusi. Marafiki na ndugu wa rika moja wataambiana madaar. Mtu unayemheshimu utamuuliza kama amengajeng. Kasisi mkuu au mtu wa nasaba ya kifalme hungrayunang. Wewe mwenyewe, ukijizungumzia mbele ya mkubwa, unajishusha na kusema umenunas, neno ambalo pia lina maana ya kuomba. Sahani ni ile ile na wali ni ule ule. Kinachobadilika ni uhusiano wa wanaozungumza. Anayejua kwamba shikamoo haiamkiwi mtoto na marahaba haimtangulii mzee ataelewa haraka kwa nini jambo hili si pambo. Tofauti ni kwamba kwao halikomei kwenye salamu. Linaingia kwenye kula, kulala, kwenda, kusema na kufa.

Mgeni hatarajiwi kujua ngazi zote, na wala usijaribu kuzikamata kwa wiki mbili. Shika ngazi ya kati yenye adabu uikalie hapo hapo. "Mimi" sema tiang, usiseme icang unayoisikia kwa vijana. Ndiyo ni nggih, hapana ni nenten. Asante ni suksma, na kwa uzito zaidi matur suksma. Ukijibiwa suksma mewali, umerudishiwa yako. Samahani ni ampura. Ukiulizwa "Sampun ngajeng?", umeshakula? hiyo ni salamu, na jibu lake fupi ni sampun, tayari, au durung, bado. Ukiulizwa "Kija?" barabarani, usidhani unapelelezwa. Ni kama unavyoulizwa kwetu "wapi tena?", na ukijibu melali, natembeatembea, inatosha. Ukitaka kupita mbele ya watu walioketi, inama kidogo, tanguliza mkono wa kulia chini na useme nyelang margi, naazima njia. Kwa maoni yangu hilo ndilo neno moja la Bali ambalo mtu yeyote anapaswa kulijua kabla ya kupanda ndege, kwa sababu utalihitaji kila siku na hakuna atakayekuomba ulijifunze.

Watu uwaiteje? Mwanamume aliyekuzidi kidogo ni Bli, kaka. Mwanamke ni Mbok, dada. Kijana wa kiume ni Gus na msichana ni Gek. Mzee muite Pak au Bu kwa Kiindonesia na hutakosea. Usiyemjua kabisa, na ungependa kumpa heshima bila kubahatisha nasaba yake, muite Jero. Majina nayo yanasema. Mtoto wa kwanza huitwa Wayan, Putu au Gede. Wa pili Made au Kadek. Wa tatu Nyoman au Komang. Wa nne Ketut. Wa tano unarudi kwa Wayan. Mengi ya majina hayo ni ya wote, wa kike na wa kiume, na kinachotenganisha ni I mbele ya mwanamume na Ni mbele ya mwanamke. Kwa hiyo ukipewa namba ya dereva aitwaye Wayan, omba na jina la pili, maana kwenye maegesho ya mji wa Ubud akina Wayan wamejaa. Anayeitwa Ida Bagus au Ida Ayu ni wa ukoo wa Brahmana, tabaka la makasisi, na Anak Agung, Cokorda au Gusti ni majina ya nasaba za watawala na wakuu. Hapo lugha ya mwenzako hupanda ngazi mara moja, utasikia. Uzazi wa mpango wa watoto wawili, uliohimizwa tangu miaka ya 1970, umepunguza akina Nyoman na Ketut, na serikali ya mkoa sasa inawahimiza wazazi wayarudishe majina hayo yasipotee. Nawaunga mkono.

Salamu rasmi ni Om Swastiastu, viganja vikiwa pamoja kifuani, na hujibiwa hivyo hivyo. Ni dua ya Kihindu ya kutakiana heri. Msomaji Mwislamu au Mkristo asiyetaka kuitamka hana haja ya kubabaika: Rahajeng semeng asubuhi na Rahajeng wengi usiku ni salamu njema zisizotaja ibada. Kati ya watu wanaofahamiana utasikia "Kenken kabare?", na humo ndani imo habari yetu ile ile. Jibu ni becik, njema.

Mwislamu ajue pia maneno ya chakula kabla njaa haijamshika. Indonesia ni nchi ya Waislamu wengi, lakini Bali ni ya Wahindu, na nguruwe yuko kwenye heshima ya sherehe. Kwa Kiindonesia ni babi, kwa lugha ya Bali celeng. Lawar, mchanganyiko wa mboga, nazi na nyama iliyokatwakatwa, mara nyingi hutiwa damu mbichi. Sate lilit, mishikaki ya nyama iliyosagwa, inaweza kuwa ya samaki, kuku au nguruwe, na kwa macho hutaijua. Betutu ni kuku au bata aliyejazwa viungo akaivishwa polepole. Sema "tanpa babi", bila nguruwe, na uulize mafuta pia. Kibao cha Warung Muslim, mkahawa wa Waislamu, kipo karibu kila mji. Na wapo Wabali Waislamu wa asili: kijiji cha Pegayaman, kaskazini kwenye wilaya ya Buleleng, husema lugha ya Bali na huwapa watoto Wayan au Ketut mbele ya majina ya Kiislamu. Milima ya upande huo, karibu na Munduk, inalimwa karafuu, zao ambalo asili yake ni visiwa vya Maluku huko huko Indonesia kabla halijafika Unguja na Pemba. Harufu ya karafuu zilizoanikwa kando ya barabara itakusimamisha.

Maelekezo ya njia yanahitaji maandalizi ya akili. Wabali hawaanzi na kulia na kushoto. Husema kaja, kuelekea mlimani, na kelod, kuelekea baharini. Kangin ni linakochomoza jua, kauh linakotua. Mlima Agung uko katikati ya kila kitu, hata pale usipouona. Ukiwa Denpasar, kusini mwa kisiwa, kaja ni kaskazini. Ukivuka kwenda Singaraja kwenye pwani ya kaskazini, kaja imegeuka kuwa kusini, na hakuna anayeona ajabu. Dira ya simu haitakusaidia. Uliza mlima uko wapi. Pande hizi zina daraja. Kaja na kangin ni pande tukufu, na kila ua wa nyumba una madhabahu ya ukoo, sanggah, kwenye pembe ya kaja-kangin, huku jiko, paon, likisogea upande wa kelod. Watu hulala vichwa vikielekea kaja au kangin. Ukikaribishwa kulala kwenye nyumba ya familia, usigeuze mto upande wa miguu kwa ajili ya feni.

Chini, mlangoni, kwenye dashibodi ya gari na kwenye ngazi za duka utaona canang sari. Iangalie kwa karibu mara moja. Ni kisahani cha mraba cha kuti changa la mnazi, kimeshonwa kwa vijiti vya mianzi. Ndani kabisa kuna porosan: jani la tambuu, popoo na chokaa. Mtu wa Lamu au Unguja atavitambua vitu hivyo vitatu papo hapo, ila huku havitafunwi. Vinasimama kwa miungu Wisnu, Brahma na Siwa. Juu yake maua hupangwa kwa pande: meupe mashariki, mekundu kusini, ya njano magharibi, ya buluu au kijani kaskazini, na katikati majani ya jamii ya mkadi yaliyokatwa vyembamba. Mwanamke huwasha kijiti cha udi, hunyunyiza tirta, maji yaliyoombewa, kisha hupunga mkono taratibu kupeleka kiini cha sadaka kwa yule inayemwendea. Moshi ukiwa bado unapanda, usiruke juu yake wala usiisogeze kwa mguu upate picha. Neno la jumla la sadaka ni banten. Chakula kilichoshushwa baada ya kutolewa kinaitwa lungsuran, na ukipewa, kula. Umepewa heshima.

Kabla ya hekalu, yaani pura, beba au azima kamen ya kufunga kiunoni na selendang, mshipi wa kitambaa juu yake. Kamen bila mshipi haijatosha. Jifunze majina ya nyua tatu: nista mandala ni ya nje, madya ya kati, utama ya ndani. Waraka wa gavana unawakataza watalii kuingia zile sehemu takatifu ila kwa anayekwenda kuomba akiwa amevaa ipasavyo, hivyo usishindane na mlinzi mlangoni. Neno cuntaka utalikuta kwenye kibao: ni hali ya kutokuwa safi kiibada, na inamgusa mwanamke aliye hedhini na mtu aliyefiwa karibuni. Hakuna atakayekukagua. Wanakuachia dhamiri yako, kwa sababu kwao kuna sekala, yanayoonekana, na niskala, yasiyoonekana, na uchafu wa huku unafika kule. Usisimame juu kuliko kasisi wa hekalu, pemangku, hata kama ngazi iko wazi na picha ingekuwa nzuri.

Mwisho kalenda, ambayo ndiyo huvuruga safari. Mzunguko wa pawukon una siku 210. Kwa mzunguko huo huja sikukuu ya Galungan, na siku kumi baadaye Kuningan, wakati barabara zinapopambwa kwa penjor, mianzi mirefu iliyoinama, na maduka mengi ya familia hufungwa. Odalan, sikukuu ya kila hekalu, nyingi pia hufuata mzunguko huo, kwa hiyo siku yoyote unaweza kukuta njia imefungwa na pecalang, walinzi wa kimila wenye kitambaa cha poleng cha miraba myeupe na myeusi. Wanachosema ni amri. Zima injini, subiri msafara upite.

Nyepi, mwaka mpya wa kalenda ya Saka, huangukia mara nyingi Machi, siku baada ya mwezi kufa. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 asubuhi ya pili kuna amati nne: hakuna moto wala taa, hakuna kazi, hakuna safari, hakuna burudani. Uwanja wa ndege hufungwa, na tangu 2018 intaneti ya simu huzimwa. Mgeni hubaki ndani ya hoteli kama mwenyeji anavyobaki kwake. Angalia tarehe kabla ya kununua tiketi. Usipange kufika wala kuondoka siku hiyo. Nunua maji, chakula na dawa zako siku mbili kabla, maana jioni ya mkesha barabara hujaa gwaride la ogoh-ogoh, masanamu makubwa ya mashetani, na huwezi kupita kwa gari. Mwenye mimba iliyokaribia au ugonjwa wa kuhitaji hospitali amwambie mwenye nyumba mapema, naye atawaarifu pecalang, ambao huruhusu na kusindikiza wagonjwa hata siku hiyo.