Pandisha bomba la pazia, chumba kitaonekana kikubwa

Wapangaji wenzangu wa chumba na sebule, kabla hujanunua pambo lolote hamisha kwanza bomba la pazia. Wengi tunalifunga juu kidogo tu ya dirisha, wewe lipeleke karibu na dari, ubakize kama sentimita 10, na lizidi dirisha sentimita 20 hivi kila upande, pazia lishuke mpaka chini karibu liguse sakafu. Jicho linafuata kitambaa toka juu mpaka chini kwahiyo ukuta unaonekana mrefu, halafu ukifungua, pazia linakaa ukutani na sio mbele ya kioo, unapata mwanga wote na upepo wote, na kwa joto la Dar upepo ni kila kitu jamani. Pima kwanza kwa futi kamba kutoka hapo juu ulipolihamishia bomba mpaka chini ndo uende mnadani, kwenye mitumba unaweza kupata pazia ndefu na nzito, ila ukienda bila vipimo utaletewa fupi na pazia inayoning'inia nusu ukuta inaharibu kila kitu. Haifai kama dirisha liko kwenye kona au kabati limebana pembeni. Pia juu ya dirisha mara nyingi unakutana na lenta, yaani boriti ya zege, ile drili ya kawaida haiingii, muite fundi mwenye drili ya kugonga, na mwenye nyumba aambiwe kabla hujatoboa.