Navyozungusha kondoo malishoni kwa msimu huku Makete

Mi nafugia Makete, majike 18 na dume moja kwenye eka tatu za nyasi ya kikuyu, na mvua yetu ni moja tu, Novemba mpaka Mei, afu Juni sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, inaanza kuchoma nyasi hadi Agosti zinakuwa kahawia kama ugoro. Ukiwaachia eneo zima mwaka mzima wanarudia kuchuma palepale penye majani machanga mpaka mizizi inachoka, kwingine nyasi inakomaa wala hawaigusi.

Hatua ya 1: gawa eneo. Mi nina vipande 8, vigingi vya milingoti na wavu, maji nabeba kwa ndoo basi.

Hatua ya 2: kwenye mvua wanakaa siku 4 kila kipande, yaani kila kimoja kinapumzika siku 28. Waingize nyasi ikipita kidogo kifundo cha mguu, watoe ikibaki vidole vinne HATA KAMA unaona chakula bado kipo. Mwaka wa kwanza niliwaacha siku 12 nikijiona mjanja, baada ya wiki kadhaa jike mmoja kavimba chini ya taya, nikavuta kope ya chini ndani nyeupe kama karatasi, kumbe minyoo imemnyonya damu yote. Mayai yanayotoka na kinyesi, kukiwa na joto na unyevu, ndani ya wiki moja tayari ni viluwiluwi vinavyopanda kwenye jani, na vingi vinakaa chini kabisa karibu na udongo, ndo maana nasema vidole vinne.

Ila msidanganyike, siku 28 zinatosha nyasi tu, hazisafishi minyoo, kwa baridi ya huku viluwiluwi vinaweza kuishi miezi. Kondoo wakitoka mi napitisha ng'ombe wangu wawili, wanameza vile viluwiluwi na vingi havimudu kuishi tumboni kwa ng'ombe. Pia kondoo wasitoke bandani na umande, subiri jua lipige.

Hatua ya 3: mwishoni mwa Mei mvua ikikata nafyeka vipande viwili nakausha majani, naweka juu ya dari ya banda.

Hatua ya 4: Julai jirani akishavuna naomba shamba lake, kondoo wanakula mabua na mabaki ya maharage, yeye anabaki na samadi, huku kwangu vipande vinapumzika. Wakishakula vizuri wiki mbili tatu ndo naingiza dume, hapo jike anakuwa na mwili na uwezekano wa mapacha unapanda. Mimba ni miezi mitano, kwa hiyo wanazaa kuanzia Desemba nyasi ikiwa imesimama na maziwa yapo. Dume namtoa baada ya wiki tano, sitaki mtoto wa kuzaliwa Machi kwenye matope na baridi.

Hatua ya 5: mvua za kwanza usikimbilie kile kijani, ni maji matupu, wataharisha na nyasi utaiua. Wape majani makavu kwanza mpaka nyasi ipite kidogo kifundo cha mguu.

Hatua ya 6: pima. Mizani ya kuning'iniza ya viazi inatosha, mwanakondoo ndani ya kiroba kichwa nje, kila mwezi, andika kwenye daftari. Asipoongezeka, kabla hujalaumu nyasi, mvute mama yake kope ya chini.