Unaenda kwenye barafu? Tafuta daluga za kuvalia juu ya kiatu, na uzivae hivi

Mdogo wangu mmoja hapa mtaani Makorora kapata chuo Canada, anaondoka mwezi wa kwanza. Juzi kaja na begi lake nimkagulie, makoti mawili, sweta, soksi za sufu, buti zito kweli kweli la mitumba, mama yake kamuongezea na kanga mbili, nikamuuliza na vya kushikia barafu viko wapi, akanitazama tu. Wala simlaumu, na mimi nilivyoondoka Tanga hakuna aliyeniambia. Kila mtu anakwambia baridi, baridi, jiandae na baridi, utelezi hautajwi kabisa, na baridi utaizoea mdogo wangu lakini mfupa ukivunjika unakuweka chini.

Yangu yalinikuta Calgary, hukohuko Canada. Ule mji uko karibu na milima ya Rockies na kipindi cha winta kuna upepo wa joto unashuka kutoka huko milimani, wanauita chinook. Sisi kaskazi na kusi zinapokezana kwa miezi, huo wa kwao unaingia mchana mmoja tu, asubuhi ni -15 alasiri theluji inayeyuka inatiririka barabarani kama masika, watu wanafungua makoti. Usiku baridi inarudi na yale maji yote yanaganda palepale yalipo. Kesho yake nikatoka na buti langu zuri lenye soli nene, naona lami inang'aa nikajua imelowa, si ndo inavyong'aa lami ya Ngamiani mvua ikikatika? Hatua ya tatu miguu ikatangulia mbele, nikaweka mkono nijizuie, kifundo cha mkono kikavunjika. Nikafungwa POP, ile plasta ngumu ya hospitali, wiki sita, na mitihani naandika kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo la kwanza lijue hili, buti peke yake halitoshi hata liwe la bei gani. Soli ni mpira, na mpira ukipigwa na baridi unakakamaa, barafu nayo ni laini kama kioo, sasa vitashikana wapi. Na usidhani -20 ndo hatari zaidi, barafu inayoteleza kupita zote ni ile iliyo karibu na sifuri, maana juu yake kuna utando wa maji. Halafu kuna ile wanayoiita barafu nyeusi, haina weusi wowote, ni nyembamba inaonyesha lami ya chini yake, ndo iliyoniangusha mimi. Huko ukiona lami inang'aa na kuna baridi, ichukulie ni barafu mpaka uhakikishe.

Kinachoshika barafu ni chuma. Kuna vitu vinavaliwa juu ya kiatu chochote, ni mpira unaovutika kama manati, unazunguka kiatu chote, chini yake kuna vyuma. Fikiria daluga za wacheza mpira, ila hizi unazivaa juu ya kiatu ulichonacho na unazivua ukifika. Au kama uliwahi kuona lori linafungwa minyororo kwenye tairi lipande tope la Usambara, ni kazi ileile.

Ziko za aina tatu utakazokutana nazo. Za kwanza zina waya uliosokotwa kama springi, unapita chini ya soli, Yaktrax ndo wanajulikana sana kwa hizo, ni nzuri kwenye theluji iliyokanyagwa ikashindiliwa, ila kwenye barafu tupu ya kioo mimi siziamini sana. Za pili zina vipini vifupi vya chuma, vichwa vyake vigumu vimechomoza kidogo tu, hizi ndo nakushauri ununue kama wewe ni mtu wa mjini, kituo cha basi, chuo, dukani, nyumbani. Za tatu zina cheni na meno marefu kama sentimita moja, mfano Microspikes za Kahtoola, hizo ni za njia za milimani zenye mteremko, hata Kilimanjaro theluji ikiwa nyingi karibu na kilele kuna wapandaji wanaozivaa. Mjini zitakuchosha bure. Na angalia usiuziwe zile zenye vyuma kisiginoni peke yake au vidoleni peke yake, mwili unatua kwa kisigino unasukuma kwa vidole, panatakiwa pashike kote.

Saizi sasa, hapa wengi wanakosea. Usitoe namba ya mguu, pima kiatu chenyewe kwa nje kuanzia ncha mpaka kisigino, maana buti la winta ni kubwa kuliko raba yako ya namba ileile. Ikiwa kubwa itazunguka uje ukute vyuma viko ubavuni, ikibana sana mpira unakatika. Za mitumba pia zipo, zinatoka kwenye marobota watu hawajui hata ni nini, ila kabla hujalipa vuta ule mpira kwa vidole viwili sehemu ya kisigino uuangalie kwenye mwanga. Ukiona vimistari vyeupe vyembamba kama nyufa za udongo mkavu, acha, huo umezeeka na utakukatikia kwenye baridi. Papasa na vipini, vikiwa vimelika viko sawasawa na mpira hakuna kitu hapo.

Kuvaa: kaa chini, usisimame mguu mmoja. Ingiza ncha ya kiatu kwanza, vyuma vinatazama chini, vuta mpira mpaka uchungulie mbele kidogo, halafu shika ule ukosi wa nyuma uvute kwa nguvu upande juu ya kisigino. Geuza unyayo uangalie, vyuma viwe chini ya ule mfupa mpana unaokanyagia na chini ya kisigino, visilale upande. Simama, piga mguu chini mara mbili, kaza tena. Jizoeze sebuleni hukuhuku Tanga ukiwa umekaa, na uvae glovu, maana huko vidole vikiganda ule mpira haushikiki kabisa. Na uvae ukiwa bado ndani ya mlango, juu ya zulia, ndo utoke. Usiseme nitavaa nikifika barabarani, ngazi ya mlangoni nayo ina barafu.

Ukifika unakokwenda vua kabla hujaingia. Hili nalisema kwa msisitizo jamani, chuma juu ya marumaru ni utelezi mwingine kabisa, unaweza kuvuka barabara salama ukaangukia ndani ya duka, na sakafu za watu utazichora. Beba kimfuko cha nailoni uzitie humo. Kuendesha gari nazo usithubutu, pedali zinateleza.

Na ukishazivaa usitembee kwa kujiachia kama uko barabara ya nane unaenda sokoni. Sisi tuliokulia hapa tunajua kukanyaga mawe ya Raskazone maji yakitoka, yale yenye mwani wa kijani, mtu hafundishwi pale, hatua fupi, magoti yamelegea, mguu unatua bapa na mwili unakuwa juu yake kabla hujanyanyua wa pili. Tembea hivyohivyo, vidole vimetazama nje kidogo kama bata. Mikono itoe mfukoni. Theluji laini ikijikusanya chini ya vyuma ikawa donge, gonga kiatu kwenye ukingo idondoke, donge likibaki vyuma havigusi tena chini.

Barabarani wanamwaga chumvi, hii hii ya kupikia, ingawa baridi ikishuka chini ya -10 hivi nayo inaanza kushindwa. Ile chumvi inakula chuma, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa, kwa hiyo ukirudi suuza kwa maji, kausha kwa kitambaa, tundika. Usizianike juu ya hita, mpira unaharibika.

Imebaki ile siku ya kwanza, umeshuka kwenye ndege na hujanunua kitu. Toa soksi kubwa ya sufu uvalishe juu ya kiatu, nje kabisa. Najua inaonekana ajabu, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago walijaribu Dunedin huko New Zealand, mji wenye vilima vikali, wakakuta waliovaa soksi juu ya viatu wanateleza kidogo kuliko wengine, na mwaka 2010 wakapewa tuzo ya Ig Nobel ya fizikia kwa hilo, ile ya utani wanayopewa tafiti zinazochekesha kwanza halafu zinakufikirisha. Mdogo wangu nimemwambia hizo soksi mbili asizitie kwenye begi la kupakia, ziwe kwenye mkoba wa mkononi, maana barafu ya kwanza ataikuta palepale nje ya uwanja akisubiri usafiri.